Nati ya Shaba na Mkono wa Mkamwana

Siku ya kwanza kazini, pale kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, msimamizi wa karakana alinishika kiganja akakigeuza, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe mnadani.

"Umesoma mpaka la ngapi?"

Nikajibu la nne, na hilo la nne sikulimaliza.

"Basi kichwa tukiache," akasema. "Tutaufundisha mkono."

Akaniweka kwenye mashine ya milingi. Ninyi vijana huenda hamjaiona: kisu chake kinazunguka pale pale, chuma ndicho kinachosogezwa kikifuate, kimefungwa juu ya meza. Meza inasukumwa na skrubu ndefu mbili, moja ya kwenda kando na moja ya kwenda mbele, na kila moja unaizungusha kwa mkono. Sasa skrubu ikizeeka inalegea ndani ya nati yake. Ukigeuza kurudi, meza inasita kwanza, ndipo inasogea. Hapo tunasema mashine inacheza. Msimamizi alinifundisha, "Ukipita alama, rudi mbali, halafu uje tena kwa mlango ule ule." Mlango ndio upande wa kuijia alama, ule ulegevu usikudanganye. Nikafanya hivyo Bunda. Nikafanya hivyo nilipohamia karakana ya boti Musoma, chini ya injinia mkuu aliyekuwaga hamsalimii mtu kabla hajaona kazi yake ya jana. Karakana ilipofungwa, milingi ilikuwa iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikaomba niuziwe mimi, nikaileta nyumbani Bweri. Imesomesha watoto wangu wote, na sijaajiriwa tena na mtu.

Kisha kiharusi kikachukua mkono wa kulia. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, mkono haukurudi. Kwa fundi wa milingi hayo ni mazishi. Watu wa mashine za kusaga wa Guta na Nyasura wakaanza kupeleka puli zao za mikanda Mwanza, na mnunuzi mmoja wa chuma chakavu akaanza kunisalimia kwa upole mno.

Aliyesema milingi tuifungie kompyuta, izungushe skrubu badala ya mkono wangu, ni mkamwana wangu, mama Neema. Jina lake mwenyewe silitajagi. Amesomea umeme, anatengeneza simu na sola hapa Bweri. Mumewe, mwanangu Magesa, yuko migodini. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawashikani mikono, hawabanani mlangoni. Sasa weka watu hao wawili kwenye kibanda kimoja, juu ya mashine moja! Yeye akakaa upande wa kisanduku cha umeme, mimi upande wa mpini, katikati mke wangu.

"Mama, mwambie baba atoe ule mpini, mota inakaa hapo."

"Baba Magesa, toa mpini."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia. Na mimi si mnara wa simu, nina samaki wangu wa furu jikoni wanaungua."

Hivyo hivyo tukafunga mota, kila skrubu na yake, na waya zikaenda kwenye kompyuta kuukuu. Siku ya kujaribu tulifunga kalamu mahali pa kisu, tukaiambia ichore duara. Ikachora kitu chenye pembe, kama chapati ya kwanza ya mwanafunzi.

Mama Neema akamnong'oneza mke wangu. Mke wangu akakataa. "Hilo kamwambie mwenyewe."

Akasema akiangalia ukuta. "Baba, mashine inacheza."

"Mashine hii haichezi! Uliona kazi gani imerudishwa hapa?"

"Hakuna, baba. Mkono wako ndio ulikuwa hauchezi."

Nikatoka nje nikakaa juu ya tairi. Maneno yale yalinikera kwa sababu yalikuwa ya kweli. Miaka yote nilisifia mashine, kumbe mkono ndio ulikuwa unaisitiri, unarudi mbali na kuingia kwa mlango mmoja. Lakini anayezunguka duara anaingia kwa milango yote.

Nikarudi ndani. Mama Neema alisema anaweza kuifundisha kompyuta iongeze mzunguko wa skrubu pale meza inaposita. Nikakataa. Kwenye karatasi ingekubali, ila kisu kikishaingia chumani kitaivuta meza kwa ule ulegevu, kivunjike. Dawa ni nati mpya ya shaba iliyokatwa vipande viwili, kimoja kinasukuma meno ya skrubu huku, kingine kule. Rafiki yangu mwenye mashine ya kukereza mjini akanitengenezea, moja kwa kila skrubu.

Kuifunga ndiyo kazi. Unakaza mpaka ulegevu unaisha, na unaacha kabla skrubu haijang'ang'ana. Pale katikati pana mahali padogo sana, huwezi kumwelekeza mtu kwa mdomo. Mkono wangu wa kushoto peke yake haukuwa na nguvu. Mke wangu alijaribu, akakaza mpaka skrubu ikagoma.

"Mimi nimezoea mwiko," akasema. "Mama Neema, njoo ushike spana. Baba Magesa, acha kuangalia dari." Akaenda kusimama mlangoni, akatugeuzia mgongo, ili akiulizwa aseme hakuona.

Nikaweka kiganja juu ya kiganja chake.

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Umepita. Rudi kidogo. Hapo. Umesikia?"

Akapapasa tena kwa spana. "Nimesikia, baba."

Duara lilitoka duara.

Wazee wa ukoo wetu kule Butiama wamenisema. Wanasema nimevunja mwiko wa nyumba kwa ajili ya chuma. Ninauheshimu mwiko ule, na mezani chakula tunakula mbalimbali mpaka leo. Lakini nilichofundishwa Bunda kilikuwa kwenye mkono tu. Ningeenda nacho kaburini na adabu zangu zote, na milingi ikaenda kwenye mizani ya chuma chakavu.

Juzijuzi mteja wa Guta alileta puli iliyopasuka, tumchongee mpya. Akaniuliza mimi, kama ilivyo desturi, "Fundi, nije lini?" Nilikuwa nafungua mdomo niseme Ijumaa. Mama Neema akajibu bila kuinua kichwa, "Njoo Alhamisi."

Alhamisi puli ilikuwa tayari. Watu wakiniuliza nilistaafu lini, nawatajia Alhamisi hiyo.