Funika Jina, Kisha Usome

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, ilikuwa Jumapili ya manyunyu, nami nilikuwa nimeshika birika la chai. Lakini kabla sijafika kwenye birika, acha nikwambie kwa nini nimeikumbuka leo.

Jana ulikaa hapa mezani kwangu Perry Barr na kitabu chako cha misimbo, kimejaa vikaratasi vya rangi: waridi kwa presha ya macho, kijani kwa mtoto wa jicho, njano kwa retina. Nikakuchagulia swali la mazoezi. Hata sijamaliza kulisoma ukanikatiza, "Anti, hiyo najua by heart," ukataja herufi na tarakimu zake. Ulikuwa sahihi. Nami nikaingiwa na hofu kidogo, nikaenda jikoni kujifanya naangalia maharagwe. Mtihani wako wa cheti ni wiki ijayo, na pale mezani nilijiona mwenyewe nilipokuwa na umri wako, mwerevu hivyo hivyo na mwenye haraka hivyo hivyo. Nakupenda mno, siwezi kukuacha uende bila kukusimulia haya.

Nilikuwa mwanafunzi kazini katika idara ya macho ya hospitali moja hapa Birmingham. Kazi yenyewe unaijua, lakini acha niieleze kama ninavyomweleza mama yako kila anaponipigia simu kuuliza hasa unasomea nini. Daktari akimaliza na mgonjwa anaandika alichokiona na alichokifanya. Sisi tunasoma faili hilo na kugeuza kila ugonjwa na kila tiba kuwa msimbo, ili atakayeifungua rekodi baadaye ajue mara moja mgonjwa ana nini. Hatumshiki mgonjwa, hata sura yake hatuioni. Basi ni rahisi kusahau kwamba yupo.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari mwenye sauti ya chini na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na ile ya kichwani ndiyo aliyoitafuta kutwa. Bi Zuhura alikuwa na kadi aliyoikata kutoka boksi la biskuti. Akipewa faili, kwanza alihakikisha jina na namba ya mgonjwa. Kisha alilifunika jina kwa kadi ile, ndipo akaanza kusoma. Kila faili, kila siku. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Nilidhani ni mazoea ya utu uzima tu, kama wanavyofanya wengine kukunja mfuko wa plastiki mara nne kabla ya kuuweka kabatini.

Zikiwa zimebaki wiki tatu nifanye mtihani, Bi Zuhura akaenda likizo, nami nikaruhusiwa kupitisha mafaili mepesi bila kukaguliwa. Nilijiona nimefika. Katika mafaili hayo likaja la Mzee Elkana.

Mzee Elkana alikuwa mgane wa mtaa wa Shard End niliyesali naye kila Jumapili katika ibada yetu ya Kiswahili. Baada ya ibada sisi wasichana tulipitisha chai na mandazi, na yeye siku zote alitaka chai isiyo na sukari. Akiletewa keki aliinua kiganja na kutabasamu. Kanisa zima tulijua kwamba Mzee ana ugonjwa wa sukari. Hakuna aliyewahi kutuambia. Tulijua tu, kama tunavyojua mambo mengi sisi watu wa kanisani.

Daktari alikuwa ameandika kwamba retina ya jicho lake la kulia imevuja damu. Sababu hakuiandika. Kanuni yetu unaijua: usiandike ambacho daktari hakuandika, na ukiona pengo, mwulize yeye. Na mimi niliijua, mwanangu. Ningeweza kukusomea ukurasa wake nikiwa nimelala. Lakini kumwuliza daktari kulitaka fomu na siku mbili za kungoja, na mimi si nilikuwa namjua Mzee? Nikaandika msimbo wa retina iliyoharibiwa na kisukari. Hata nilijisikia vizuri, nikiamini nimemsaidia mtu wetu.

Sasa tumefika kwenye birika.

Jumapili ya pili yake nilikuwa nikimimina chai, Mzee akanivuta pembeni. Alikuwa amekonda usoni.

"Binti yetu," akasema, "wewe si unafanya kazi pale macho? Nilienda clinic Alhamisi. Nesi akaniuliza dawa ya sukari nimemeza saa ngapi. Nikamwambia mimi sina sukari. Akaangalia screen, akasema iko hapa. Sasa mimi najiuliza, wamenificha?"

Nilishika birika kwa mikono miwili.

"Rhoda wangu alianza hivyo hivyo," akaendelea. "Jicho la kulia, halafu la kushoto. Miaka yake ya mwisho hakuuona uso wangu tena. Kwa hivyo nimeanza kujizoeza. Natembea kwa nyumba nikiwa nimefunga macho. Jana nimegonga kabati."

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

"Lakini Mzee," nikamwuliza, na hilo ndilo swali nililopaswa kumwuliza miaka miwili nyuma kama kweli nilitaka kujua, "kama huna sukari, mbona huitii kwenye chai?"

"Ni Rhoda alikatazwa. Niliona vibaya nikoroge yangu na yeye ananiangalia, nikaacha pia. Alipoenda, nikashindwa kurudia."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na maneno hayo sijayasahau. Mapenzi ya mtu kwa mkewe mimi nilikuwa nimeyapa msimbo wa ugonjwa.

Sikuwa na ruhusa ya kuzungumzia faili lake mbele ya sinia la mandazi. Nilimwambia tu kwamba kesho asubuhi nitamfikia anayehusika, na nikamwomba asifumbe macho tena nyumbani. Jumatatu, Bi Zuhura aliporudi kutoka likizo, nilimngoja mlangoni, hata koti hajavua, nikamweleza yote. Nilijua huenda nikapoteza nafasi yangu na mtihani pamoja nayo. Nusu yangu ilitaka nirekebishe kimyakimya kwenye kompyuta na kuondoka, na nakwambia hivyo ili usidhani shangazi yako alikuwa malaika.

Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

"Wewe hukulisoma faili, mwanangu," akasema. "Ulimsoma mtu, tena kwa mbali. Kwani mie kadi hii naiweka kwa mapambo? Mie wagonjwa nusu nawajua. Wengine jirani zangu, wengine watu wa msikitini. Nikiliona jina tu, kichwa changu kishaanza kuandika kabla ya mkono."

Kisha akavua koti, akanishika mkono, tukaenda pamoja kwa msimamizi. Hakuniachia mkono hata ndani ya ofisi. Rekodi ilisahihishwa siku ile ile. Daktari alimpigia Mzee simu mwenyewe, akamweleza kwamba vipimo vyake havionyeshi kisukari, kwamba damu ile ilitokana na presha ya kupanda, na kwamba jicho linatibika. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye faili hadi baada ya mtihani. Nilistahili.

Hospitali ilipomwomba Mzee radhi, niliomba niwepo, naye akakubali. Nilimwambia ni mimi. Aligeuza kichwa anitazame kwa jicho la kushoto, maana lile la kulia lilikuwa bado na ukungu.

"Miaka miwili umeniletea chai," akasema, "na hukuniuliza hata siku moja."

Hakuyasema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Jumapili iliyofuata alikuja kuchukua kikombe chake kwangu, si kwa msichana mwingine, na hapo nikajua amenisamehe.

Mtihani niliufanya, nikapita, kwa alama ambazo sitakutajia maana utanidharau. Nilikuwa mwanafunzi wa kwanza kuingia ukumbini na wa mwisho kutoka, kwa sababu kila msimbo niliokuwa na hakika nao niliufungua katika kitabu tunachoruhusiwa kuingia nacho, nikausoma tena.

Nasaha yangu basi, mwanangu, ndiyo hii. Kariri unavyotaka, wala sikukatazi, lakini usiiachie kumbukumbu ifanye kazi ya macho. Lisome swali mpaka nukta yake ya mwisho kabla hujafungua mdomo. Jicho la kulia ni la kulia kwake mgonjwa, si kwako wewe unayetazama mchoro wake. Pale daktari aliponyamaza, nawe nyamaza, kisha uulize, hata ikikuchukua siku mbili. Na utakapokuwa na cheti ukutani na watu wakakuita mtaalamu, hapo ndipo uwe mwangalifu zaidi, kwa maana hapo ndipo nilipokosea mimi, siku nilipodhani nimefika.

Kadi ya Bi Zuhura aliniachia alipostaafu. Nimeiweka ndani ya kitabu chako, penye kikaratasi cha njano. Najua utasema siku hizi mafaili yako kwenye skrini. Ibandike kwenye skrini.

Mungu akutulize moyo siku hiyo, ayalinde macho yako na ya wote watakaopita mikononi mwako bila kukujua. Nenda ukijua kwamba nakupenda ukipita, na nakupenda usipopita. Ukitoka njoo moja kwa moja hapa Perry Barr. Chai itakuwa tayari, na ijapokuwa nimekutengenezea tangu ukiwa mdogo, nitakuuliza kama unatia sukari.