Pedali ya Mkanda

Mwalimu wetu wa kwaya hagombi. Akitaka kukuumiza anasema neno moja kwa upole, kisha anaendelea kupanga makaratasi yake. Wiki tatu kabla ya Jumapili ya mavuno alitusikilizisha wimbo mpya kwenye simu yake. Ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa pedali ya mguu, ilikuwa ikienda mfululizo, haraka kuliko mguu mmoja unavyoweza. Waimbaji wote waligeuka kunitazama, maana mimi ndiye ninayekaa kwenye drams. Nilikuwa na mwaka mmoja tu hapo, mwanamke mtu mzima, fundi cherehani, na kile kiti nilikipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

"Huu unataka pedali ya miguu miwili," mwalimu alisema. "Kamati imekubali. Katafute mwenyewe, ya bei tunayoimudu. Ikikushinda, mama, usijali. Kuna mpigaji yuko Nzega, tutamwazima."

Usijali! Nilirudi nyumbani Gongoni nikijali njia nzima. Mpigaji wa kuazimwa akishakaa kitini, nani atamwinua?

Karibu na stesheni kuna Mzaramo mmoja aliyekuja Tabora na bendi ya dansi. Bendi ilikufa, yeye akabaki, akafungua kibanda cha vyombo vya muziki vilivyotumika. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani na kufikia kwao. Atanitukana, nami nitamtukana, na wa kununa hayupo. Suruali zake zote nazipunguza mimi, na kila akija kuzichukua tunaachana kila mmoja amekwisha kumzika mwenzake kwa maneno.

Nikamwendea, na pedali za miguu miwili alikuwa nazo mbili. Zote muundo mmoja: pedali ya kulia na ya kushoto zimeunganishwa kwa fimbo ya chuma, na nyundo mbili zinapiga ngoma moja. Ya kwanza iling'aa, ina minyororo, na skrubu za kurekebishia kila kona. Ya pili ilikuwa imechubuka rangi, na pahali pa mnyororo ilikuwa na mkanda tu.

"Chukua ya mkanda," alisema. "Hiyo nyingine ni ya watu wenye miguu. Wewe Mnyamwezi una miguu ya cherehani. Na ukifika nyumbani, mguu mmoja mmoja. Babu yako alikuja kwetu mguu mmoja mmoja, hakuja akiruka kama chura."

Wateja walicheka, nami nikacheka. "Tangu lini Mzaramo akajua kazi?" nilimjibu. "Kwenu mnajua kucheza ngoma na kula pilau tu." Nikabeba inayong'aa. Ilimaliza fedha yote ya kamati, wakati ile ya mkanda ingebakiza chenji nzuri. Yule bwana alifungua mdomo, akaufunga. Hapo hapo nilipaswa kushtuka, maana mtani hafungi mdomo bure.

Wiki iliyofuata sitaki hata kuikumbuka. Springi zilikuwa ngumu, goti likaniuma. Nikilegeza skrubu hii, ile inaharibika. Nyundo ya kushoto ilichelewa kila mara. Lakini baya zaidi lilikuwa nyayo zangu zenyewe. Miaka ishirini ya cherehani cha miguu imezifundisha kwenda pamoja, zote mbili juu ya kanyagio moja. Nilipojaribu haraka, nyundo zote mbili ziligonga kwa mpigo mmoja, kishindo kama cha mtu aliyetua gunia la mpunga. Hiyo ilikuwa mazoezini, mbele ya kwaya nzima. Mwalimu akapanga makaratasi.

"Nzega si mbali," alisema.

Niliona aibu nikamchukia, Mungu anisamehe.

Kesho yake nikiwa kazini mkanda wa cherehani ukalegea. Nikaukata kipande, nikautoboa, nikaufunga waya, nikaendelea na sketi ya shule niliyokuwa nashona, bila hata kufikiri. Koleo lilikuwa bado mkononi nilipoduwaa. Mkanda naujua. Ukilegea naukaza, ukikatika naurudishia. Mnyororo na skrubu zake vilikuwa vinanitisha, ndiyo maana nilikuwa nakanyaga kwa hasira. Yule Mzaramo alikuwa ananishauri, mimi nikachukua utani nikauacha ushauri.

Nilifunga ile pedali kwenye kanga nikaenda stesheni mbio. Pale ilipokuwa ya mkanda palikuwa patupu.

"Umeiuza?"

"Watu wa Ipole waliiulizia," alisema, akaendelea kufuta gitaa taratibu. Aliniangalia uso hadi akashiba. Kisha akainama, akaitoa chini ya meza, imefungwa ndani ya kiroba. "Nilijua utarudi. Siku moja nilikukuta unapunguza suruali yangu, nikaiangalia miguu yako. Miepesi. Uliyochukua inataka mtu wa kukanyaga kwa nguvu. Lakini siitoi bure. Sema mbele ya watu hawa: Mzaramo kasema kweli."

Nikasema.

"Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia kwa sauti. Sijawahi kushindwa nikafurahi namna ile. Alinirudishia chenji, akaongeza na springi ya akiba. Akaiweka pedali sakafuni na kuniambia niitikise. "Isipoyumba, inamtosha anayeanza. Mengine ni mazoezi."

Siku zilizobaki nilifanya kama alivyosema. Kulia, kushoto, polepole hadi inachosha. Hata nikienda sokoni nilikuwa nahesabu hatua, na jirani akaniuliza kama naumwa. Mkanda ulilegea mara mbili. Nikaukaza kwa koleo langu la kazini.

Jumapili ya mavuno, katikati ya mahindi na maboga yaliyopangwa mbele ya madhabahu, wimbo ukafika. Ubeti wa tatu mguu wa kushoto ulinipotea. Nikashikilia na wa kulia peke yake hadi ukarudi. Hakuna aliyegundua. Tulipomaliza machozi yalikuwa yananitoka, na wala sikuyafuta.

Watu walipotawanyika nilimfuata mwalimu. "Yule mpigaji wa Nzega," nilisema, "umeshamwambia asije tena?"

Alikuwa anapanga makaratasi. "Mpigaji gani?"

"Wa Nzega."

"Ah." Akatabasamu kidogo. "Mama, mimi Nzega simjui mpigaji hata mmoja."

Nilitaka kumrushia fimbo za ngoma. Badala yake nilicheka, nikarudi nikakaa kwenye kiti changu.