Albamu Niliyoificha Nyuma ya Kifaransa

Niliajiriwa kwa sababu ya mluzi wa mtu mwingine. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru, na nilikuwa nimesimama mbele ya Meneja wa duka la muziki mjini Kisumu, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonipwaya. Meneja hakutaka hata kuona cheti changu. Aliweka kalamu mezani, akapiga mluzi mistari miwili ya wimbo, akanyamaza.

"Malizia," akasema.

Nikamalizia. Akapiga mwingine, wa kanisani, nao nikaumalizia. Wa tatu ulinishinda, nikamwambia wazi kwamba siujui.

"Vizuri. Hiyo nimetunga sasa hivi," akasema. "Sikia, dada. Mteja ya hapa hajui jina ya wimbo, hajui jina ya bendi. Anakuja na sauti kwa kichwa, anakuimbia. Kama unajua, unampa. Kama hujui, unasema hujui. Lakini usidanganye mteja hata siku moja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka kumi na minne. Nyinyi vijana mnatelezesha kidole kwenye simu na wimbo unakuja wenyewe, kisha mnalalamika kwamba umechelewa. Sisi mteja alisimama mbele ya kaunta, akakohoa, akaimba. Mwalimu mmoja wa Maseno aliimba kwa kunong'ona huku amefunika mdomo kwa kofia, asije akaonwa na mwanafunzi wake. Mfanyabiashara mmoja aliyehamia kutoka Murang'a aliimba kwa sauti ya kuita watu mkutanoni, na sikuwahi kumsikia akipatia hata mstari mmoja, lakini nyimbo zake nilizipata zote. Akina mama wa sokoni walikuja wawili wawili, mmoja aimbe, mwingine amsahihishe.

Nilichouza ni sahani za santuri, au rekodi, kama wengi walivyoziita. Sahani ndogo ilikuwa na wimbo mmoja kila upande na ilizunguka haraka. Ulipaswa kuishika kwa ukingo, usiiguse uso, kwa maana jasho la kidole lilikusanya vumbi na vumbi lilikwaruza sahani. Dirishani tuliweka majalada matupu tu. Sahani yenyewe haikupendana na jua.

Hilo nilijifunza kwa machozi. Baada ya miaka miwili, Msimamizi wa Mauzo alinituma Sondu kila siku ya soko, na gramafoni ya betri na sanduku la sahani. Soko lilichangamka, watu wakacheza, nami nikajisahau nikaacha sanduku nje ya kivuli. Niliporudi kulifungua, sahani zilikuwa zimejikunja kama chapati kwenye kikaango. Msimamizi aliziangalia moja baada ya nyingine. Mwisho akaniambia, "Sasa hizi utauzia nani, dada? Watu wa kununua bakuli?" Hakunifukuza. Alinifundisha kuzilaza katikati ya vioo viwili mahali penye joto kidogo, na baadhi zilinyooka.

Baadaye nilitolewa Sondu nikabaki Kisumu, nikiwa Karani Mkuu wa Kaunta, cheo kilichomaanisha kwamba sasa nilikuwa na stuli. Wakati huo ndipo albamu zilipoanza kutufikia kwa wingi. Albamu ilikuwa sahani kubwa, iliyozunguka polepole, yenye nyimbo kumi au kumi na mbili na jalada gumu lenye picha. Sahani ndogo ungeweza kuinunua ukielekea nyumbani. Albamu uliipangia kama unavyopangia mabati ya nyumba.

Siku moja tulipokea albamu ya vijana fulani wa upande wa Kendu Bay. Nakala tatu tu. Nilipoiweka kwenye mashine kuijaribu, gitaa la kwanza lilianza peke yake, la pili likalifuata kwa nyuma kidogo, kama mtoto mdogo anayemkimbilia kaka yake, na ngozi ya mikono ikanisisimka. Nilikuwa nimeuza maelfu ya nyimbo. Sikuwa nimewahi kutaka wimbo uwe wangu. Huo niliutaka.

Nakala mbili ziliuzwa siku hiyo hiyo. Ya tatu niliificha.

Kuficha mali lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na Meneja alikuwa ameshamfukuza karani mmoja kwa kosa hilo hilo. Lakini mshahara ulikuwa bado wiki mbili. Dukani tulikuwa na kisanduku cha sahani za kujifunzia Kifaransa, ambazo hakuna mtu wa Kisumu aliyewahi kuziulizia. Nikaitia albamu yangu nyuma ya Kifaransa, nikaenda kuketi kwenye stuli yangu. Ajabu ni kwamba nyumbani sikuwa na gramafoni. Nilitaka tu kuwa nayo.

Siku ya nne akaja Mzee Okelo, mkulima wa mpunga kutoka Ahero. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa mteja wangu wa kila mavuno, na hakuwahi kuniita kwa jina bali Nyar Seme, binti wa Seme. Alivua kofia, akaegemea kaunta.

"Nyar Seme, kuna wimbo niliskia kwa redio. Inaenda namna hii."

Akaimba. Alipoimba mstari wa kwanza nilijua ni ule wimbo. Alikuwa na sauti nzuri ya chini, na aliuimba wote mpaka mwisho, hata mahali pa gitaa aliimba gitaa.

"Huo siujui, Mzee," nikasema.

"Hujui? Wewe?"

"Siujui kabisa."

Meneja alikuwa nyuma yangu, anapanga majalada. Mzee Okelo aliinua macho kwake, kisha akanigeukia.

"Nilikuwa nataka kwa sababu ya mama watoto," akasema. "Tangu maji ibebe nyumba yetu, hajacheza. Rekodi zote zilienda na maji. Mashine ndiyo tuliokoa. Sasa juzi anapepeta mchele, hii wimbo ikakuja kwa redio ya jirani, nikaona ameweka ungo chini. Alicheza peke yake pale uani."

Ningefanya nini? Nikisema naujua, Meneja angeuliza uko wapi.

"Kare," akasema mzee. "Basi ni mimi nimekosea. Hii kichwa ya uzee. Nitakuwa nimechanganya wimbo mbili nikafanya moja." Akavaa kofia, akashukuru, akaondoka. Ile sakafu ya mbao ya duka ilimlilia mpaka mlangoni.

Wanangu, nimewahi kuugua malaria mbaya, lakini sikuwahi kuumwa kama wiki ile. Kilichonikera zaidi ni kwamba aliniamini mimi kuliko masikio yake mwenyewe. Nilimwona akilini mwangu akirudi Ahero anajiambia kwamba amezeeka, kwamba wimbo ule haupo.

Mshahara ulipotoka niliitoa albamu, nikaipeleka kwa Meneja aniandikie risiti.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Kwa Kifaransa."

Alinitazama juu ya miwani. "Kweli, hapo hata mimi sitafuti," akasema, akaandika.

Hiyo ndiyo albamu yangu ya kwanza. Niliisimamisha juu ya meza nyumbani, nikaketi kitandani kuitazama. Nilikuwa nimeiota siku hiyo, na sikusikia raha yoyote. Kila nilipotazama picha ya wale vijana na magitaa yao, niliisikia sauti ya Mzee Okelo. Jumapili, baada ya kanisa, niliifunga kwa kanga nikashuka nayo Ahero.

Haikuwa taabu kuonyeshwa kwake. Nyumba ilikuwa mpya, na gramafoni ilikuwa imefungwa kwa kamba juu kwenye boriti, maji yakija tena yasiifikie. Mzee aliniona na kifurushi, akasimama.

"Mzee, nimeukumbuka wimbo wako," nikasema. Uongo wa pili, lakini huo ulinitoka kwa aibu.

"Eh! Umekumbuka!" Akaipokea kwa mikono miwili, akaishika kwa ukingo kama nilivyomfundisha mwenyewe. Mashine ikashushwa. Gitaa la kwanza likaanza peke yake, la pili likafuata. Mkewe, Mama Auma, alitoka jikoni na mwiko mkononi na hakuuweka chini, alicheza nao. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini na aliyumba kwa mabega tu, macho amefumba. Mzee Okelo alinigeukia.

"Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Nilikataa malipo. Nikamwambia sahani ni yangu na mashine ni yake, kwa hiyo mmoja wetu hawezi kufanya chochote bila mwenzake. Alicheka, tukakubaliana hivyo. Tangu siku hiyo, Jumapili moja kila mwezi nilikula samaki kwa Mama Auma na kusikiliza albamu yangu.

Kaseti zilipoingia, kazi ilianza kupungua. Kaseti haikujikunja kirahisi juani wala kuogopa kidole, na wateja waliacha kuimba, walielekeza tu. Mwishoni mwa miaka ya sabini duka lilifunga upande wa sahani, nami nikaagwa pamoja nao. Siku ya mwisho Meneja aliagiza soda na keki. Mzee Okelo na Mama Auma walikuja, na mzee alikuwa amebeba albamu, jalada limelegea kwa kushikwa.

Niliona siwezi kuondoka na lile neno. Nikamwambia pale pale kwenye kaunta, mbele ya Meneja, "Mzee, siku ile niliujua wimbo. Ulikuwa nyuma yangu. Nilikudanganya."

Akaanza kucheka mpaka akaegemea fimbo.

"Nyathina, mtoto wangu, nilijua. Mimi naimba, wewe unasema hujui, na kiatu yako iko chini inapiga mbao: ta, ta, ta. Pale nilikosea, kiatu ilinirekebisha!"

"Na mbona hukusema?"

"Bwana huyu alikuwa nyuma yako," akasema, akimwonyesha Meneja kwa fimbo. "Ningesema, angekufukuza. Ndiyo nikasema ni mimi nimekosea."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimhurumia kwa kichwa chake cha uzee, kumbe alikisingizia ili kunifunika mimi. Nililia mbele ya soda na keki, na sikuona haya.

"Wacha kulia," akasema Mama Auma. "Weka rekodi."

Meneja mwenyewe ndiye aliyeiweka, kwenye mashine ya mwisho iliyokuwa bado imeunganishwa. Gitaa la kwanza likaanza. Mama Auma akafumba macho. Nami nikasikia kiatu changu kikipiga sakafu, ta, ta, ta, nikakiacha kiendelee.