Nimepelekwa Kupalilia kwa Sababu ya Kulwa na Doto

Leo nimefukuzwa darasani kwa jibu sahihi!

Nabandika hapa mlangoni mwa bweni, wa madarasa mengine msome.

Mwalimu aliuliza: elektroni ikizungukana na positroni, chembe ya chaji chanya yenye uzito uleule, atomu hiyo ina ukubwa gani? Atakayepata ataendelea na hesabu za juu.

Nikaandika: mara mbili ya haidrojeni.

"Umekosa, Nkwimba. Ni sawasawa na haidrojeni."

Nikamwomba Doto, mwenzetu wa darasani, aizunguke nguzo ya darasa, akiwa ameishika. Nguzo ilitulia kama kiini kizito cha haidrojeni. Kati yao, urefu wa mkono mmoja.

Kisha akashikana na Kulwa, pacha wake. Wakazungukana. Kati yao, mikono miwili!

"Hapa ni darasani, si uwanja wa ngoma!"

Nikatumwa kupalilia pamba, jua la saa saba. Kwa kucheza, eti!

Jioni Kulwa akanijia mbio: "Mwee! Mwalimu katuita tuzunguke tena. Kafuta jibu lake ubaoni."

Basi mbona kwenye karatasi yangu kosa jekundu bado lipo?

Kesho nitampa shikamoo yake, kisha nitamwomba alifute na hilo.

Nani atasimama nami?