Jina la Tisa Katika Daftari

Pale mezani pa kuandikisha washiriki, binti mmoja aliniuliza, "Mzee, unatoka taasisi gani?" Nikamwambia natoka kijijini Ng'wabuki. Akaitafuta Ng'wabuki kwenye orodha yake ya vyuo, hakuiona. Basi akaniandikia beji ya kuvaa shingoni: MIHAYO, na chini yake, JAMII. Ebo! Mtu mmoja, miaka sabini na mbili, naitwa jamii.

Beji hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kwenye chai ya saa nne kila aliyenisogelea alianza kwa kunisoma kifuani. Akishaona hilo neno anatabasamu, anasema "karibu sana, mzee," huku macho yanatafuta mtu mwingine nyuma yangu. Kijana mmoja wa Dar, Abubakary, alikaa nami kidogo, akaniuliza sungusungu tulikuwa tunachapa watu viboko vingapi. Nikamjibu kwamba sikuja kuhesabu viboko. Akamaliza chai yake harakaharaka, akahama.

Nikabaki na sambusa yangu dirishani, ziwa liko pale nje. Tangu mke wangu Rebeka afariki nimeuzoea upweke wa nyumbani. Huu wa katikati ya watu mia mbili, wote wanaongea na hakuna hata mmoja wa kumwambia kwamba chai ina sukari nyingi, sikuwa nimeuzoea. Unauma, jamani.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa wataalamu wanaochunguza uhalifu, siku mbili, hotelini hapa Mwanza. Walimtaka mzee aliyewahi kuwa kiongozi wa sungusungu, ule ulinzi wetu wa kijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe, na mtendaji wa kata akanitaja mimi kwa kuwa nilikuwa katibu miaka kumi na minne. Nilishafungua mdomo kukataa, ndipo nikaona kwenye ratiba jina la mtoa mada: Dk. Modesta Shigela. Nikafunga mdomo.

Shigela, baba yake, alikuwa rafiki yangu. Na mimi ndiye niliyemtenga.

Mada ya Modesta ilikuja baada ya chai. Alipanda jukwaani na gauni la kitenge, miwani, sauti ya baba yake tupu. Akiwa njiani kwenda huko alinipita kwenye kiti changu, akaisoma beji, akaendelea na safari. Hakuniamkia. Mtoto wa Kisukuma ampite mzee bila shikamoo, ujue amekusudia.

Akawaeleza wenzake mambo ambayo mimi nayajua kwa mwili wangu. Kwamba filimbi ya mwano ikilia, yaani yowe la kuibiwa ng'ombe, kila mwanamume hukimbilia uwanja wa mkutano, na katibu huita majina. Asiyeitika jina lake anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, hateki maji kisimani, na akifiwa hazikiwi na mtu. Kwamba kutengwa kunaisha kwa chumvi: siku jirani atakapokwenda kwake kumwomba chumvi, akapewa, basi yamekwisha, wanasalimiana kama zamani.

"Watafiti wengi," akasema, "wameisifu adhabu hii kwamba haina gharama."

Kisha akaonyesha ukutani ukurasa wa daftari letu la sungusungu. Mwandiko ulikuwa wangu, na zile herufi zangu za kulalia kushoto. Majina yote alikuwa ameyafuta, zimebaki namba. Namba tisa: "Hakuitika mwano. Ametengwa."

"Huyu namba tisa," akasema, "alitengwa miaka mitatu, mpaka kifo. Alizikwa na watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka kumi na moja. Kwa nini hakuitika, daftari halisemi. Pengine aliogopa. Hatutajua."

Alisema "pengine aliogopa" huku ameangalia karatasi zake. Watu wakaandika. Mimi nilijua huyo mtoto ni nani, na nilijua kwamba ameishi miaka yote hii akiamini baba yake alikuwa mwoga. Nami ndiye niliyemwaminisha.

Maana Shigela aliitika. Mwaka ule wa tisini na nane, filimbi ilipolia mchana, alikuwa shambani kwake bondeni. Angepanda mpaka uwanjani, wezi wangekuwa wameshavuka mto. Akakata moja kwa moja hadi kivukoni na mkuki wake, akasimama pale peke yake mpaka jua likazama. Uwanjani mimi nikaita jina lake mara tatu, kimya, nikaandika kwa wino.

Wezi tukawakamata upande huu huu wa mto, hawajavuka. Niliyewahoji ni mimi, na mmoja akaniambia kwa mdomo wake: "Tungekuwa tumeshavuka. Tulimwona mtu kivukoni, tukageuka." Nikajua ni Shigela, maana jioni ile alikuwa amenieleza mimi peke yangu, kisha kwa kiburi chake hakumweleza mtu mwingine, hata mkewe. Ng'ombe ishirini na sita walirudi kwa sababu ya Shigela. Sikuandika. Nilikuwa nimeshalisoma jina lake mbele ya kijiji kizima, na katibu akianza kufuta, kesho nani atamwogopa? Nikasema moyoni, acha apoe mwezi mmoja, nitakwenda kuomba chumvi. Mwezi ukawa mwaka. Nilikuwa nampita njiani nageuza uso, naye ananiangalia tu. Halafu akafa. Na siku ya maziko nilikaa ndani kwangu nimefunga mlango, mimi mwanaume mzima.

Ukafika muda wa maswali. Nikanyoosha mkono. Profesa mmoja akapewa kipaza sauti, akasema ana maswali matatu, akauliza saba. Mwingine hakuwa na swali, alikuwa anatusimulia kitabu chake. Mwenyekiti akaangalia saa. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi hapo juu. Nikaona wasomi hawa wataniua na siri yangu; nikasimama bila ruhusa.

"Mwenyekiti, mimi sina swali. Huo mwandiko ni wangu."

Nikasema yote, kivuko, mkuki, maneno ya mwizi, wino wangu. Nikamalizia, "Daftari ni la uongo, mwanangu. Namba tisa aliitika kabla yetu sote. Mwoga nilikuwa mimi."

Modesta alivua miwani, akaishika tu. Mwenyekiti akasema tunamshukuru mzee wetu kwa mchango mzuri, na kwamba muda umekwisha. Mchango mzuri!

Wakati wa chakula nilichukua wali na sato, nikaenda kwenye meza alipokuwa amekaa peke yake, sahani yake haijaguswa. Mbele yake kulikuwa na kichupa cha chumvi. Kwenye meza zote kilikuwepo, hata ile niliyotoka.

"Mwanangu," nikasema, "naomba chumvi."

Aliinua uso. Alikuwa amelia.

"Mama alikufa anasema labda baba alikuwa amelala," akasema. "Alikuwa anajaribu kumtetea. Mto ukikauka nilikuwa nafuata maji ziwani, mzee Mihayo, kilomita tano, kwa sababu ya kisima chenu. Njiani nilikuwa namchukia yeye. Sio nyie. Yeye."

Akakichukua kile kichupa, akakisukuma taratibu mpaka mbele ya sahani yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo nimekupa ya kwangu," akasema. "Ya baba siwezi kukupa. Ulitakiwa uende kwake."

Akainuka na mkoba wake, akatoka nje kuelekea ziwani. Niliona kupitia dirisha mabega yake yanatikisika, na sikuwa mtu wa kumfuata.

Nikanyunyizia samaki chumvi, nikala. Abubakary akapita na sahani yake, akaniuliza kama viti vile vina watu. Nikamwambia kimoja kina mwenyewe. Sikumwambia kwamba mwenyewe ni Shigela, nikakivuta karibu yangu, kikakaa hivyo kitupu mpaka wahudumu walipokuja kuondoa vyombo.