Namna Nilivyojifunza Privacy

Neno lenyewe nililipokea mlangoni, nikiwa nimebeba sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa kwenye kitenge isipoe. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Kila Jumapili nilipanda taxi kutoka mjini Durban hadi mtaa wa Overport kwa dada yangu, na sikuwahi kupiga simu kwanza. Nani anampigia dada yake simu kumwambia anakuja? Nilisema hodi huku nimeshashika kitasa, kitasa kikagoma. Mlango ukafunguliwa kidogo, akachungulia. Nyuma yake nikamwona mume wake amesimama na fulana ya ndani, amenuna.

"Dada, unisamehe," akasema. "Tunahitaji privacy."

Sufuria akaipokea. Mlango akaufunga.

Nilirudi mjini nimefura. Kiingereza changu mimi ni cha saluni: kaa vizuri, inauma, nywele hizi zitakaa muda gani, asante njoo tena. Hilo neno halikuwemo. Lakini mtu akikufungia mlango huhitaji mkalimani kujua umefungiwa.

Huyu hatukuzaliwa tumbo moja. Tulikutana Durban, katika flati moja ya mjini ambayo sisi Wakongomani tumeigawanya kwa mapazia, kila pazia na watu wake. Mimi na yeye tulikuwa pazia moja, godoro moja, miaka. Akikohoa gizani nilijua kama ni kifua au kama ameanza tena kumlilia mama yake. Alipoolewa nilimsuka mimi mwenyewe, na nililia mpaka bibi harusi ndiye akanibembeleza. Alipohamia Overport nikajaribu kulala katikati ya godoro. Usingizi haukuja. Nikarudi upande wangu wa ukutani.

Basi wiki ile nikamuuliza mteja wangu mmoja, binti wa Kenya anayesoma chuo kikuu hapa. Nilikuwa nimemshika kichwa, hana pa kukimbilia.

"Privacy ni faragha," akasema.

"Faragha ndiyo nini?"

"Haiya! Si Kiswahili hicho, mama?"

"Cha kwenu labda. Sisi kule Bukavu hatuna."

Akacheka, kisha akanieleza vizuri, kwa subira. Ni haki ya mtu kuachwa. Humwingilii, humchungulii, humuulizi mambo yake. Unasubiri mpaka akuite. Nikamwambia anipe mfano, akanipa: mlango wa choo, simu ya mtu, mshahara wa mtu, ndoa ya mtu. "Ukimpenda mtu," akamalizia, "unampa privacy yake."

Hiyo ya mwisho niliishika. Kumbe ni kitu cha kumpa mtu! Mimi nilidhani ni kitu cha kumnyang'anya. Tangu siku hiyo nikaanza kuliona neno kila mahali, kwenye simu yangu, kwenye karatasi ya duka la dawa iliyotuambia tusimame mbali na anayehudumiwa. Nilisimama mbali kuliko wote. Jioni nikalijaribu pale flati, nikamwambia mama wa pazia la pili kwamba nataka privacy nibadilishe nguo. Watu walicheka flati nzima. "Privacy? Hapa? Eish, mama, sisi hata ndoto zako tunazisikia!" Na mimi nikacheka, lakini sikuwa na raha.

Kwa hiyo dada yangu nikampa. Sikwenda Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Alinitumia ujumbe, "Dada, umepotea," nikajibu, "Niko sharp, usijali," maana nilitaka aone kwamba nimeelewa, kwamba mimi si mshamba. Jumapili zikawa ndefu. Nilifua, nikapiga pasi, nikafua tena vitu visafi. Nilimkumbuka, basi, niseme wazi. Nilimkumbuka mpaka nikawa nasikia hasira na mboga sokoni, kwa sababu fungu la sombe ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Na alikuwa mjamzito. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Kwetu mwanamke akijifungua, dada yake anakuja. Anachemsha maji, anamkanda tumbo na mgongo kwa kitambaa cha moto, anampikia uji, anamfukuza asishike ufagio. Haitwi. Hakuna anayemwalika mtu kuja kumkanda mzazi, ni aibu hata kulitamka. Mimi kitambaa nilikuwa nimeshakinunua, kizito, cha pamba. Lakini binti wa Kenya alisema unasubiri mpaka uitwe. Nikawa nimelala na simu kifuani.

Mtoto nilimwona kwenye status yake ya WhatsApp, miguu tu, imevishwa soksi nyeupe. Nikaandika, "Hongera sana." Akajibu, "Asante." Nikasubiri. Kila asubuhi nilisema leo ataniita, na kila jioni nilisema haya, kama hanitaki, basi. Wiki zikapita namna hiyo. Mwishowe nikashindwa, nikapiga simu, nikaomba kama mtu anayeomba kazi: naweza kuja lini? Akasema, "Jumamosi, saa tisa."

Nilifika saa tisa kamili, nikabisha, nikasubiri nje mpaka nikafunguliwa. Alikuwa amekonda. Mtoto shingo yake ilikuwa imeshakaza, akanikodolea macho.

"Nani alikukanda?" nikauliza, hata sijakaa.

"Nilijikanda. Mgongo sikuufikia."

"Mbona hukuniita?"

"Nikuite?" Machozi yakamlengalenga. "Tangu lini unaitwa wewe? Kila siku nilikuwa nasikiliza mlango. Hata kwa ufunguo sikufunga, mume wangu alinigombeza kwa ajili hiyo."

"Ulisema unahitaji privacy."

"Siku ile! Mume wangu alikuwa ametoka kazi ya usiku kule viwandani Mobeni, tumegombana, hatukutaka uone. Ilikuwa ya siku ile tu, dada. Ya saa moja."

Nikataka kucheka, nikataka kumpiga kofi, nikataka kumgeuza palepale nimkande huo mgongo. Kitambaa kilikuwa ndani ya mkoba. Sikukitoa, mtoto ameshakua, kingekuwa cha nini sasa?

Akajifuta uso, akaingia jikoni, akarudi na juisi kwenye glasi yenye mguu mrefu, juu ya sinia, na biskuti zimepangwa kwenye kisahani. Tukazungumza habari za joto na bei ya taxi. Nilipomaliza nikainuka na glasi kwenda kuiosha, nikakuta ameshanitangulia mlangoni mwa jikoni, mtoto begani.

"Acha tu, dada," akasema, kwa upole kabisa. "Wewe ni mgeni."

Nikampa glasi, nikarudi kukaa.