Piramidi ya mbao ya Sydenham

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, mwanasheria mmoja wa Durban amekwama ndani ya sanduku. Kwa nje vinaonekana viatu vyake vya mpira, vipya, na makalio ya suruali ya kaki ambayo bado ina mstari wa pasi.

"Usisukume kwa kichwa, mheshimiwa," mwanamke aliyechuchumaa kando anamwambia. "Kichwa hakina kazi humo. Shusha makalio, tembea kama bata."

"Bata gani?" inauliza sauti kutoka ndani ya mbao.

"Bata yeyote. Kule hawachagui."

Viatu vinaanza kusogea, kushoto, kulia, kushoto, vinapotea kabisa, na baada ya muda mwanasheria anachomoza upande wa pili, jasho chapachapa, anacheka peke yake. Anamshika mwanamke yule mkono kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshinda kesi. Halafu anakwenda kujihudumia sambusa.

Mwanamke huyo ni Atuganile Mwaikambo, miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Tukuyu, Tanzania. Kazi yake haina jina. Ukimuuliza anakujibu bila kupepesa macho, "Nafundisha matajiri kuinama."

Matajiri wenyewe wanatoka kwenye ofisi moja ya safari iliyoko mtaa wa Berea. Ofisi inauza likizo ya Misri, ile ya kifahari hasa: kwanza piramidi na makaburi ya wafalme wa kale, kisha meli juu ya Mto Naili kutoka Luxor hadi Aswan, chumba chenye kiyoyozi, bwawa la kuogelea juu ya meli, na kiongozi msomi wa kukueleza kila jiwe lililokaa vibaya. Bei ni randi elfu kumi na nane kwa kichwa.

"Mtu akilipa hela hiyo anataka aingie kila mahali," anasema Atuganile. "Sasa anafika mlangoni kwa Firauni, anaona tundu, magoti yanakataa. Wenzake wanaingia, yeye anabaki nje na ngamia. Eighteen thousand, kuangaliana na ngamia."

Ili hilo lisitokee, ofisi inamlipa randi sitini kwa kila mteja anayemfanyisha mazoezi uani kwake, hapa mtaa wa Sydenham. Siku nyingine za wiki anahudumia wazee majumbani kule Overport, na hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba.

Uani kuna ubao mwembamba juu ya mapipa mawili. Meli za Naili huegeshwa ubavu kwa ubavu, na abiria huvuka nyingine kadhaa ndipo afike nchi kavu, hivyo lazima ajue kutembea bila kushika kitu. Ubao huo watu wanaupenda, wanapigana picha. Wanachokiogopa ni sanduku.

Ni refu kuliko gari, halina dirisha, linapanda kama ngazi halafu linashuka, na paa lake liko chini kiasi kwamba mtu mzima akiingia anayaona magoti yake kwa karibu kuliko alivyozoea. Ubavuni yapo maneno ya Kiingereza kwa rangi nyekundu, ambayo Kiswahili chake ni hiki: hupiti hapa, hupandi ndege.

Sheria hiyo aliitunga Atuganile mwenyewe. Ofisi iliipenda mpaka ikaichapisha kwenye kijitabu cha safari, karibu na picha ya bwawa la kuogelea.

"Ni kali lakini ni ya haki," anasema. "Bora ulie Sydenham, kuna chai. Kaburini kwa mfalme nani atakupa chai?"

Jumamosi hii, sheria inamwangalia yeye. Watalii walipouawa Luxor mwishoni mwa 1997 wateja walikimbia, na ndiyo kwanza wanaanza kurudi. Katika biashara hii kuna desturi: ofisi ikipeleka wateja kumi na watano waliolipa, nafasi ya kumi na sita inatolewa bure kwa msindikizaji. Safari hii ofisi imemwahidi nafasi hiyo Atuganile. Pasi yake ya Tanzania iko tayari, na kofia ameshanunua.

"Miaka mitatu napeleka watu Misri bila kutoka uani," anasema. "Safari hii nataka nikaone kama ipo kweli."

Mwanasheria alikuwa wa kumi na nne. Wa kumi na tano ameketi karibu na kamba ya nguo, mkoba umekaa wima mapajani. Ni Bi Saroja Moonsamy, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na miwili, mkazi wa mtaa wa pili. Asipopita yeye, kundi linabaki la watu kumi na wanne, na kofia ya Atuganile inabaki kabatini.

Kazi hii ilianzia chini ya meza. Atuganile alikuja Durban mwaka 1994 na kupata kazi ya kumhudumia mzee mmoja aliyekuwa amekata tiketi ya Misri huku akiyaogopa magoti yake mwenyewe. Kila jioni Atuganile alikuwa akimpitisha chini ya meza ya chakula, mbwa wa nyumbani akitangulia kuonyesha njia. Mzee akaenda, akaingia, akarudi na kuisimulia ofisi nzima ya safari. Wiki iliyofuata simu ikalia.

Meza haikutosha tena. Ndipo akaja Blaise Kabamba, Mkongomani wa Kalemie anayepigilia makreti ya mbao bandarini.

"Firauni alikuwa na watu elfu na elfu," anasema Blaise. "Mi niko tu pekee na msumeno. Na piramidi iko."

Uani hapa hakuna aliyewahi kuiona piramidi ya kweli. Kwa hiyo kila kundi likirudi, Atuganile hulialika chai na kuliuliza: kulikuwaje? Wanayosema ndiyo Blaise anayafuata kulirekebisha sanduku. "Sanduku langu linajifunza," anajisifu Atuganile. "Kila safari linakuwa la kweli zaidi."

Zamu ya Bi Moonsamy inafika. Anamkabidhi Blaise mkoba wake kwa macho ya onyo, anapandisha sari kidogo, anainama, anaingia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anasimama.

"Anti, nipo hapa," anasema Atuganile, amelala kifudifudi kwenye nyasi ili amwone. Durban watu hawa wanazungumza Kiingereza, lakini "anti" haihitaji tafsiri. "Pumua. Nihesabie wanafunzi wako wabishi."

"Wote walikuwa wabishi," inasema sauti, ndogo sasa. "Siwezi, mwanangu. Nitoe."

Anatoka kinyumenyume. Anapumzika, anajaribu tena, anaishia palepale. Akitoka mara ya pili anajipangusa vumbi na kukaa juu ya sanduku lenyewe, juu kabisa ya yale maandishi mekundu.

"Basi," anasema. "Sheria nimeisoma. Niliwahi kutunga na mimi za kwangu."

Blaise anamvuta Atuganile mpaka kwenye bomba la maji. Mfukoni ana bisibisi, mpini umechungulia.

"Dada Atu, mi nafungua paa, nainua kidogo. Kidogo tu, vraiment, kweli kabisa. Tunamwambia apumzike, anakunywa chai, anarudia. Ule mama hataona kitu."

Atuganile anaitazama ile bisibisi kwa muda ambao si mfupi.

"Nilitaka," ananiambia baadaye. "Nilishajiona juu ya meli, na miwani ya jua."

Lakini pale bombani jibu lake ni jingine. "Na akikwama kule kwenyewe, nitamwinulia nini, Blaise? Jiwe?"

"Eish," anasema Blaise, na bisibisi inarudi mfukoni.

Chai inaletwa. Atuganile anaipeleka mwenyewe, anakaa chini kwenye nyasi, na kumweleza Bi Moonsamy habari yote: nafasi ya kumi na sita, ahadi ya ofisi, hata kofia.

"Nakuambia ili usije ukasikia kwa mwingine," anasema. "Ukijitoa, na mimi siendi. Ila usiingie humo kwa ajili yangu, Anti. Mimi nitapata safari nyingine."

Bi Moonsamy anapuliza chai. Ukimwangalia huoni kama amesikia.

"Hili sanduku ulilipima wapi?" anauliza.

"Wanaorudi ndio wananielekeza."

"Wanasemaje?"

"Kwamba paa la kule liko chini zaidi."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema la kule ni afadhali?"

Nyuma ya Atuganile, Blaise ameanza kucheka, kicheko cha pumzi tu, ameshika kamba ya nguo asianguke.

"Mi nakata kila mara," anasema akipata sauti. "Kundi inarudi, inasema kule iko chini, mi nakata miguu yenye inabeba paa, paa inashuka. Ingine inarudi, iko chini zaidi, mi nakata tena. Nikasema, hii piramidi ya Misri inazama ao?"

Anakwenda nyuma ya bomba na kurudi na vipande vya mbao, vilevile alivyovikata, ambavyo siku zote vimekuwa vikiegemeza beseni la kufulia. Anavipanga juu ya nyasi kimoja juu ya kingine. "Hii ni ya kundi ya kwanza. Hii ya ule daktari wa meno. Hii ya wale mabibi wa kanisa, wale walilia."

Vipande vinafika karibu na goti la Atuganile.

"Marehemu mume wangu alivua samaki miaka arobaini," anasema Bi Moonsamy taratibu. "Samaki wote waliobaki baharini walikuwa na ukubwa wa mlango. Niliowakaanga mimi walienea kwenye sahani. Mtu amelipa pesa yote ile, amerudi, unamuuliza kulikuwaje. Unategemea akuambie nilipita vizuri tu?"

Mwanasheria, ambaye amekuwa akisikiliza kwa mbali, anaweka sambusa chini.

"Kwa hiyo mimi nimetembea kama bata bure?"

"Si bure, mheshimiwa," anasema Atuganile. "Ulikuwa bata mzuri sana."

Wote wanacheka, na yeye anacheka nao. Halafu Atuganile anaokota kipande kimoja cha mbao.

"Mzee Ramlall," anasema.

Huyo ni tarishi mstaafu wa Isipingo, mpole, mrefu. Mwaka jana alifika na sanduku lake la nguo, jipya, kuonyesha tu. Alijaribu mara nne, akashindwa, Atuganile akamwonyesha maandishi mekundu. Mzee akajitoa kwenye safari, ofisi ikamrudishia pesa, mambo yakaisha.

"Alinishukuru, Anti," anasema Atuganile. "Alinishika mkono akanishukuru kwamba nimemwepusha na aibu."

Hapo hakuna anayefanya mzaha, hata Blaise.

Atuganile anasimama, anajikung'uta nyasi na kuingia ndani kumpigia simu meneja wa safari. Dirisha liko wazi, na ua mzima unasikia upande mmoja wa mazungumzo.

"Hapana mama, siumwi... Ndiyo, naomba muitoe kwenye kijitabu... Najua ni sheria yangu, ndiyo maana naitoa mimi... Sijui ni chini kiasi gani. Hakuna anayejua. Ndiyo nakuambia hivyo."

Kwa jinsi anavyozungusha waya wa simu kidoleni, inaelekea meneja anauliza itakuwaje mteja akikwama huko. Bi Moonsamy anashuka kutoka kwenye sanduku, anaingia ndani, anaomba simu kwa mkono ulionyooka, kama mwalimu anayeomba daftari.

"Nimelipa, na nitakwenda," anasema. "Meli naitaka, mto nautaka, mahekalu nayataka, hayana mlango mdogo hayo. Kwenye piramidi huyu binti ataingia kwanza. Akitoka akaniambia inafaa, nitajaribu. Akiniambia haifai, nitabaki na ngamia, na sitamlaumu mtu." Anasikiliza. "Ndiyo. Kumi na watano. Hesabu hiyo hata mimi naiweza."

Anakata simu. "Kofia yako ni ya rangi gani?" anamuuliza Atuganile.

"Ya manjano, Anti."

"Vizuri. Nitakuona kwa mbali."

Kundi linaondoka mwezi ujao. Maandishi mekundu yameshapakwa rangi nyeupe, ingawa ukisimama juani bado unayaona. Blaise alitaka arudishie miguu ya paa la sanduku siku ileile, Atuganile akamkatalia.

"Urudishie mpaka wapi? Tutakuwa tunabahatisha tena, safari hii kwenda juu."

Badala yake Blaise amemkatia kamba ya nailoni, ya aina wanayofungia mizigo bandarini. Maelekezo yake ni mafupi: fika ndani, kanyaga ncha moja, vuta mpaka kwenye jiwe la paa, funga fundo hapo.

"Usiniletee hadithi," anamwambia. "Leta kamba."

"Yaani huniamini, we Mkongomani?"

"Leo nakuamini, dada. Lakini kule utalala kwa meli, utakula na wazungu, utarudi touriste. Njiani utafungua fundo, utashusha kidogo."

Atuganile anacheka mpaka anafuta macho kwa kitenge. Bi Moonsamy hacheki. Anafungua mkoba wake, ananyoosha mkono, anapokea kamba, na kuufunga mkoba kwa mlio unaosikika mpaka barabarani.

"Itakaa humu," anasema. "Kwenda na kurudi."

Atuganile ameshapanga siku ya kurudi. Uwanja wa ndege wa Durban uko jirani na Isipingo, hivyo Sydenham itasubiri, na Blaise na msumeno wake watasubiri. Akishuka kwenye ndege, akiwa bado na kofia yake ya manjano, atapitia kwanza nyumbani kwa Mzee Ramlall pamoja na Anti na mkoba wake.

"Nitamwomba asimame mlangoni kwake, niishike ile kamba mbele yake, fundo juu, ainame," anasema. "Akiona anapita, kundi linalofuata nafasi ya kwanza ni yake. Na sanduku lake la nguo nitalibeba mimi."